Bustani yetu imetimiza mwaka: mbona mabenchi ya katikati hayakaliwi?

#1 · Mwana wa Naura
Wakuu, habari za jioni.

Juzi Jumamosi bustani yetu ya mtaani ilitimiza mwaka tangu ifunguliwe. Nilikuwepo. Keki ilikuwepo, maspika yalikuwepo, watoto wakavutana kamba mpaka ikakatika, mgeni rasmi wa saa nne akatokea saa nane. Sina neno na sherehe.

Neno langu ni hili. Pale katikati, nyuma ya ule mti mkubwa ukitokea upande wa mlimani, kuna mabenchi manane ya zege. Yana migongo, yamepakwa kijani, yametazamishwa Mlima Meru. Siku hiyo ya sherehe, watu tumejaa, mabenchi yalikaliwa na mabegi ya wanakwaya na sufuria moja la pilau. Binadamu wote, wazee kwa vijana, walikuwa kwenye kile kiukuta cha mawe cha barabarani, wamebanana kama abiria wa kifodi, mgongo kwa bustani, uso kwa barabara.

Ningesema ni siku moja, lakini mimi napita pale asubuhi na jioni mwaka mzima. Januari jua kali: mabenchi matupu. Aprili mvua, tuyasamehe. Sasa Juni baridi: matupu. Ukuta haujawahi kukosa watu.

Kwa nini? Wajuvi karibuni.

#2 · Toyo la Alfajiri
Ngoja nipande hapa ukutani nisome majibu.

#3 · Mama Pacha
Mleta uzi, wewe mwenyewe umewahi kukaa? Kaa pale saa kumi na mbili asubuhi mwezi huu wa sita, halafu uje utueleze figo zinasemaje. Zege linakunywa baridi usiku kucha. Nilimkalisha mwanangu nimfunge kamba za viatu, akaruka kama kaguswa na koleo la jikoni. Ukuta ni mawe meusi, jua la jioni likiupiga unabaki na uvuguvugu mpaka magharibi. Hilo siyo fumbo.

#4 · Kashata Mbili
Mama Pacha, baridi ni ya miezi mitatu. Mkuu kasema na Januari ni matupu.

Mimi nasema fuateni birika. Getini kuna kibao, biashara marufuku ndani. Muuza kahawa anakaa nje, kwenye ule ukuta, na mama wa karanga pembeni yake, na kijana wa mahindi ya kuchoma akifika saa kumi. Nani atanunua kahawa ukutani, aibebe kikombe cha moto mita arobaini akakae mbele ya mti, halafu arudishe kikombe? Vikombe vyenyewe ni sita. Unakunywa palepale, unarudisha, mwenzio anasubiri.

#5 · Babu Loshoro
Vijana mnazunguka. Ule mti ni oreteti. Wazee wa Kiarusha na wa Kimaasai hawakai chini ya oreteti kupiga soga na kula chipsi. Pale watu walikuwa wanakwenda kuomba mvua na kuomba watoto. Mtu anaweza asijue kwa nini hakai, lakini mguu wake unajua.

#6 · Fundi Chepe
Shikamoo babu. Kwa heshima zote, ule siyo oreteti, ni mringaringa. Baba yangu alikuwa anachonga mizinga ya nyuki ya mringaringa, naujua. Jani pana, ua jeupe.

#7 · Babu Loshoro
Marahaba. Ua jeupe umeliona lini?

#8 · Fundi Chepe
Sijaliona babu, nimeona jani.

#9 · Mangi wa Kibosho
Hahaha, Chuga (Arusha) mna mti mmoja na hamjui jina lake. Huku Moshi mabenchi yangezungushiwa masale, mmea wetu wa mila, yangefagiliwa kila alfajiri, na watu wangekaa. Usafi tu ndugu zangu. Benchi likiwa na vumbi, mwenye suruali nyeupe hakai.

#10 · Toyo la Alfajiri
Mangi, kwani Moshi mna bustani gani? Mna mzunguko wenye saa, mnapiga picha pale mnasema mmetembea.

#11 · Mangi wa Kibosho
Sisi tuna Msitu wa Rau, dakika chache tu toka mjini, ukitaka kivuli unakwenda kuvaa sweta humo. Na mzunguko wenye saa hata ninyi mnao.

#12 · Mjukuu wa Boma
Wetu siyo saa tu. Mnara wa Saa wa Arusha uko nusu ya njia kati ya Cairo na Cape Town. Bara lote liko pale. Msilinganishe.

#13 · Kamba na Timazi
Mjukuu wa Boma, hiyo hadithi tumelishwa toka utoto lakini ukiweka namba inachechemea. Cairo iko digrii 30 kaskazini ya ikweta, Cape Town karibu 34 kusini. Nusu yake ni kama digrii 2 kusini. Arusha iko digrii 3 na dakika 22. Nairobi iko digrii 1 na dakika 17. Kwa hesabu hiyo Nairobi ndiyo iliyo karibu zaidi na nusu.

#14 · Mjukuu wa Boma
Wewe unahesabu kama ndege. Barabara haiendi kwa digrii, inazunguka milima. Kwa barabara ni sisi.

#15 · Kamba na Timazi
Barabara ipi? Ya mwaka gani? Tuliache, tutaharibu uzi wa watu.

Nirudi kwenye mabenchi, maana kazi yangu ni kupima viwanja na suala hili lina jibu angani. Mama Pacha na mleta uzi wote wako sahihi, na hawagombani.

Sisi tuko kusini ya ikweta, lakini kidogo sana. Kuanzia katikati ya Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana kwetu liko upande wa kaskazini, upande wa Meru. Kuanzia hapo mpaka Machi linahamia kusini, upande wa Njiro. Mti uko kaskazini mwa mabenchi. Chukua mti wa mita 20: tarehe 21 Juni jua likiwa juu kabisa (kwetu ni kama saa sita na nusu, siyo saa sita, maana saa zetu zinafuata mstari wa digrii 45 mashariki na sisi tuko kwenye 36 na ushee), kivuli chake kinalala mita 10 kusini. Kinalala juu ya mabenchi yenyewe. Asubuhi kinanyooka kuelekea magharibi na jioni mashariki, lakini saa za jua kali kinarudi hapohapo. Ndiyo maana zege halipashi moto Juni.

Sasa njoo Desemba. Jua limehamia kusini, kivuli cha mti uleule kinaanguka upande wa pili, kama mita 7 kaskazini, kwenye majani ambako hakuna benchi. Mabenchi yanakaangwa.

Kwa hiyo baridi yakitakiwa jua yana kivuli, joto yakitakiwa kivuli yana jua. Aliyeyaweka angeyasogeza upande wa pili wa mti yangekuwa mazuri mwaka mzima.

#16 · Mwana wa Naura
Kamba na Timazi, umenifanya nitoke nje kuangalia. Na nimeona kituko kingine. Mabenchi yametazamishwa mlima ili mtu aone Meru. Mti uko kati. Ukikaa unaona shina.

#17 · Mama Pacha
😂😂 Mwaka mzima hatujaligundua hilo.

#18 · Kashata Mbili
Nondo nzito, ila Kamba nijibu: Machi na Septemba mwishoni jua liko utosini, kivuli kidogo, hewa nzuri. Mbona na hapo hawakai?

#19 · Kamba na Timazi
Machi mwishoni mvua zimeshaanza. Septemba sina jibu.

#20 · Binti wa Kaloleni
Wanaume mmejaa humu mnapima digrii. Ngoja niseme mimi.

Yale mabenchi yanakupa mgongo na njia. Anayeingia getini anakuja nyuma yako, humuoni. Mwezi wa kumi nilikaa pale nikisoma ujumbe, simu ikaondoka mkononi, nikageuka nikaona tu kandambili zinakimbia kuelekea kijitoni. Ukutani nyuma yako kuna bustani tupu na mbele kuna macho ya barabara nzima. Hata mwizi anajua.

Na la pili, ambalo kina dada wataniunga mkono. Ukikaa peke yako kwenye benchi la katikati, unamsubiri mtu. Ukikaa ukutani, unasubiri gari. Hata kama husubiri chochote. Ukutani hakuna atakayekuja kukuuliza "dada mbona mpweke".

#21 · Mama Pacha
Umemaliza Binti. Pole kwa simu.

#22 · Toyo la Alfajiri
Hata sisi wanaume. Mimi nikionekana nimekaa kwenye benchi na mgongo nimeuegemeza saa tano mchana, jioni mama mkwe kashapata habari kwamba pikipiki imerudishwa kwa mwenyewe.

#23 · Mpanga Mji
Nimesomea mipango miji, niongeze moja. Kuna Mmarekani, William Whyte, miaka ya 1970 alitega kamera kwenye viwanja vya wazi vya New York akahesabu watu wanakaa wapi. Alichokuta kinafanana na mnachosema: kinachovuta watu ni watu wenzao. Watu wanasema wanataka utulivu, halafu wanakwenda kukaa penye msongamano, karibu na barabara, karibu na chakula, kwenye kuta na ngazi zenye kimo cha kukalia. Kiukuta chetu kina kimo hichohicho. Aliyekijenga alikuwa anazuia udongo usimwagike barabarani, akajikuta ametengeneza kiti kirefu kuliko vyote mtaani.

#24 · Babu Loshoro
New York hakuna oreteti.

#25 · Mpanga Mji
Nakubali babu, hilo hakulipima.

#26 · Fundi Chepe
Kuna mtu amegusa ardhi? Maana mimi nilikuwa kibarua pale tulipomwaga zege. Kabla ya bustani lilikuwa dampo bubu, wakongwe mnakumbuka, kuanzia chini ya mti mpaka kijitoni. Tulisawazisha, tukamwaga kifusi, tukaweka udongo mwekundu juu. Takataka za chini hazikwenda popote, zinaoza, zinashuka. Mabenchi mawili ya mwisho yameinama, ukikaa unateleza taratibu kuelekea kwa jirani. Mvua ikinyesha kunatoka harufu kama ya maji ya maharage yaliyolala. Ukuta umejengwa kwenye ardhi asilia, kando ya barabara, haujatikisika hata nywele.

#27 · Kashata Mbili
Kwa hiyo tumekuwa tukisherehekea mwaka wa dampo.

#28 · Fundi Chepe
Mwaka wa kuacha kuwa dampo. Ni tofauti mkuu. Watoto walikuwa wanachezea chupa pale.

#29 · Mjukuu wa Boma
Suluhisho rahisi, jengeni kibanda cha chai pale katikati, watu watahama.

#30 · Mpanga Mji
Kibanda pale kitagombana na sheria. Kijito kiko karibu, na kuna mita 30 ambazo huruhusiwi kufanya shughuli.

#31 · Kamba na Timazi
Ni mita 60, mkuu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, haziruhusiwi ndani ya mita 60 toka kingo za mto au ziwa. Na kwa kipimo changu cha macho, mti na mabenchi viko ndani ya hizo 60.

#32 · Mpanga Mji
Asante kwa masahihisho, ni 60. Nilichanganya.

#33 · Mangi wa Kibosho
Basi hata mabenchi yenyewe ni haramu. Yaheshimiwe kwa kutokaliwa.

#34 · Dada wa Sakina
Nimesoma uzi wote, nimecheka, ila mnashukuru kidogo? Kiwanja cha wazi mjini kupona mwaka mzima bila kuota fremu za maduka ni jambo. Nairobi mwaka 1989 walitaka kusimika jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, ikabidi Wangari Maathai asimame akatukanwa mpaka bungeni. Akashinda, akapewa Nobeli kwa kuokoa ile bustani.

#35 · Mwana wa Naura
Dada, nashukuru, ndiyo maana nimeenda kwenye keki. Sahihisho dogo tu: Nobeli ilikuja 2004, kwa kazi yake yote ya miti, demokrasia na amani. Uhuru Park ilikuwa sehemu tu ya safari.

#36 · Dada wa Sakina
Sawa mwalimu. Hoja yangu iko palepale: watu kukaa ukutani ni matumizi ya bustani. Nani kasema lazima tukae walipotupangia?

#37 · Toyo la Alfajiri
Keki mimi sikuipata. Walioipata wajitaje.

#38 · Mama Pacha
Ilikatwa vipande vya kiberiti. Halafu hiyo tarehe yenyewe si sahihi. Bustani tulianza kuingia mwezi wa tatu mwaka jana, geti lilikuwa halijafungwa kufuli. Juni ni walipokuja kukata utepe.

#39 · Kashata Mbili
Mtoto anahesabiwa umri toka kuzaliwa au toka kubatizwa? Tuamue hilo kwanza.

#40 · Fundi Chepe
Wadau, nimepita leo asubuhi nikamaliza ubishi wa mti. Nilichuma jani moja changa la chini (mlinzi alikuwa anatazama pembeni). Limetoa maziwa meupe, yananata kidoleni mpaka sasa hivi ninavyoandika. Mringaringa hautoi maziwa. Ni jamii ya mikuyu, na oreteti ni humohumo. Babu, nisamehe.

#41 · Babu Loshoro
Nimekusamehe. Ungekuja na jani la sale ningekusamehe haraka zaidi, muulize huyo Mangi.

#42 · Mangi wa Kibosho
😂 Babu anajua mila za watu. Ndiyo, kwetu ukija na sale mkononi mtu hawezi kukukatalia msamaha.

#43 · Binti wa Kaloleni
Kama ni jamii ya mkuyu basi tumepata sababu nyingine: popo. Miti hiyo ikizaa, popo wanakesha humo wanakula matunda. Angalieni mabenchi asubuhi, ile rangi ya kijani ina michirizi ya kahawia na vijitunda vimebanjuka. Ndege nao mchana wanamalizia. Mangi alisema suruali nyeupe, alikuwa anatania, ila yuko sahihi kuliko alivyodhani.

#44 · Kamba na Timazi
Mti hauzai mwaka mzima.

#45 · Binti wa Kaloleni
Kumbukumbu ya kuharibu gauni inadumu mwaka mzima.

#46 · Mwana wa Naura
Wakuu, mrejesho. Mama Pacha alinitupia changamoto kule #3, nikaona aibu. Jana Jumanne nimekwenda kukaa. Benchi la tatu toka kushoto, saa kumi na moja jioni mpaka saa kumi na mbili na robo. Nilibeba gazeti kama kinga.

Dakika ya nne: mlinzi. "Mzee, unamsubiri nani?" Nikamwambia nimekaa tu. Akaenda, akageuka mara mbili.

Dakika ya kumi na kitu: baridi ikapanda kupitia suruali. Nikalikalia gazeti. Kinga ikaisha.

Baadaye akapita jirani yangu, akaacha njia, akaja mpaka pale, akanishika bega. "Kuna msiba?" Nikasema hapana. Akakaa pembeni yangu kimya kama dakika moja hivi, akasema, "Kama ni mambo ya kazini, usijali, yatapita." Akaondoka. Usiku mke wake akampigia mke wangu.

Mlima sikuuona, mti upo, na mawingu yalikuwepo hata hivyo. Popo sikuwaona. Harufu, kidogo, kwenye benchi la saba. Mwizi hakuja. Ila kuna kitu Binti alisema nimekielewa: toka pale sauti za ukutani zinasikika, vicheko, mtu anabishana kuhusu Simba na Yanga, na wewe uko mita arobaini unasikia kila kitu ila hukamati neno. Nikajikuta nimesimama, nimekwenda ukutani, nikaagiza kahawa. Waliposogea kunipa nafasi hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi.

#47 · Mama Pacha
Hahaha, "kuna msiba". Pole baba.

#48 · Kashata Mbili
Si nilisema? Birika.

#49 · Kamba na Timazi
Alikwenda ukutani kwa sababu ya baridi. Kaandika mwenyewe, gazeti limekaliwa.

#50 · Dada wa Sakina
Kaandika vicheko. Someni vizuri.

#51 · Babu Loshoro
Na aliambiwa msiba chini ya oreteti. Mimi nanyamaza.

#52 · Mpanga Mji
Napendekeza jaribio moja: muuza kahawa aruhusiwe ndani kwa wiki mbili tu, tuone watu wanahama au la. Birika siyo jengo, mita 60 haziligusi.

#53 · Toyo la Alfajiri
Nilimuuliza jana wakati namchukua abiria pale. Amesema hata akiruhusiwa hahami. Wateja wake ni wa kwenye magari, wanashusha kioo, wanakunywa, wanaondoka. Sisi wa ukutani anasema tunamjazia nafasi na kikombe kimoja tunakaa nacho nusu saa.

#54 · Kashata Mbili
Kumbe sisi ndiyo tatizo.

#55 · Toyo la Alfajiri
Wakuu, dharura. Ni saa kumi na moja alfajiri hii, nimepita na abiria wa stendi. Benchi la tatu lina mtu. Amelala kabisa, kajifunika koti.

#56 · Mwana wa Naura
Benchi langu! Nani?

#57 · Toyo la Alfajiri
Nimemshusha abiria nikarudi kuhakikisha. Ni mlinzi.

#58 · Mama Pacha
Picha?

#59 · Toyo la Alfajiri
Giza.